Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Mchungaji wetu ana sharika nyingi za kuhudumia. Nyingine ziko huku kwetu kwenye chai, upande wa Boito, na nyingine kule chini kwenye mahindi na ng'ombe, karibu na Mulot. Kwa hiyo sisi tunampata mara moja kwa mwezi. Jumapili zile nyingine mwinjilisti ndiye anayeongoza ibada, na Meza ya Bwana inamngoja mchungaji. Mwezi ukikaribia kuisha tunajua: Jumamosi ni kazi, Jumapili ni Meza. Jumamosi hiyo usharika mzima unatoka na majembe na mapanga kwenda kumsaidia mtu. Tumewahi kumchumia majani mama aliyejifungua kwa upasuaji. Tumewahi kumjengea mjane choo. Tumewahi kujaza mawe njia ya kituo cha chai, wakati lori lilikuwa halipandi tena kwa matope. Mimi ni mwenyekiti wa wanawake, kwa hiyo ndimi ninayepita nyumba kwa nyumba kukumbusha watu, na ndimi ninayelaumiwa chai ikichelewa.

Kwaresima ninayotaka kuisimulia ilikuja na kiangazi kibaya. Usiku baridi ilichoma majani ya chai, asubuhi ukiamka unaona shamba limekuwa la kahawia kana kwamba limemwagiwa maji moto, na mchana jua linamalizia kilichobaki. Chemchemi inayonywesha upande wetu wote wa bonde ikaanza kupungua. Zamani ulikuwa unaweka mtungi chini ya bomba, unageuka kumsalimu mwenzako, na umeshajaa. Sasa ulikuwa unaweza kumaliza habari za nyumba yako yote na bado mtungi haujafika nusu.

Siku ya Jumatano ya Majivu mchungaji alikuja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alitupaka majivu, kisha akasimama mbele ya madhabahu iliyofunikwa kitambaa cha zambarau, akasema, "Kwaresima hii hatutatafuta mbali mtu wa kumsaidia. Kazi yetu ni chemchemi. Tutaichimbua na kuisafisha mpaka maji yarudi."

Watu wakaitika amina. Mimi sikuitika. Chemchemi iko chini kabisa ya shamba letu, na juu yake kuna mikaratusi yetu. Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ameketi mstari wa mbele kama kawaida. Niliona kisogo chake tu, na hakikutikisika.

Miti hiyo ilipandwa na kijana wetu, kifungua mimba wangu. Alikuwa akisoma chuo kikuu pale Kabianga, na likizo moja alirudi na miche kwenye gunia, ameipakata safari nzima isivunjike. Kwenye yale majimaji juu ya chemchemi chai ilikuwa haikubali kumea, kwa hiyo yeye na baba yake wakaamua kupanda hapo. Niliwasikia kutoka jikoni wakicheka. Baba yake si mtu wa kucheka sana, ndiyo maana nakumbuka. Miti ilishika upesi sana, lakini kijana hakuiona ikikua. Alikufa kwenye barabara ya kutoka Bomet kwenda Narok, gari alilokuwemo lilipogongana na lori. Tulimzika nyuma ya nyumba, na tangu tumzike baba yake hajazoea kwenda kaburini. Yeye huenda kwenye miti. Jioni akimaliza kukamua, huteremka, hukaa huko kitambo, kisha hurudi anawe mikono ale. Sijawahi kumuuliza anafanya nini.

Kwamba mikaratusi hunywa maji, hakuna asiyejua. Hata redio husema. Lakini hakuna jirani aliyewahi kutuambia kitu. Waliuheshimu msiba wetu, nasi tukauacha ukimya wao uendelee.

Jumamosi ya kazi ilipofika, watu walikuja wengi. Wanaume walichimba, sisi tukatoa tope kwa karai tukilipitisha mkono kwa mkono. Katikati ya kazi akafika Shosho na mandazi kwenye beseni.

Shosho ndivyo sote tunavyomwita, hata sisi tusio wajukuu zake. Yeye ni wa kutoka mkoa wa Kati. Alikuja huku akiwa bibi harusi, mumewe akafungua duka pale njia panda. Mume alikufa, na ule mwaka wa fujo za uchaguzi duka likachomwa. Alienda kwao, watu wakafikiri ameenda kabisa. Akarudi. Akafungua hoteli ndogo ya chai na mandazi mahali palepale, akarudi na kanisani kwenye kiti chake. Kuna watu ambao hadi leo hawajamsamehe kwa kurudi. Mimi simfikirii hivyo. Kijana wetu alipokufa, Shosho alikuja na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya kwao, akalala sakafuni kwangu mpaka wageni wote wa matanga walipoondoka, na hakuniambia hata mara moja kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Siku hiyo aliweka beseni chini, akaangalia shimo, akaangalia juu, akasema kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida, "Mnachimba bure, watoto wangu. Maji hayako huku chini. Yamepanda juu na ile miti."

Majembe yalisimama. Mwanamume mmoja aliyekuwa ndani ya shimo akasema, bila kuinua kichwa, "Mgeni sasa ametuanzia habari ya mashamba."

Mume wangu aliweka jembe lake chini polepole, akanawa mikono kwenye yale maji machache yenye tope, akapanda kwenda nyumbani. Tuliendelea kutoa tope, lakini wimbo tuliokuwa tunaimba hakuna aliyeuanza tena.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza. Kazi ya mume wangu ni kusimama upande wa mchungaji na kupokea vikombe. Jumapili hiyo alibaki kitini. Mchungaji alimwangalia, akangoja kidogo, kisha akamwita mzee mwingine.

Nilimkabili jioni, akiwa anavua gambuti mlangoni.

"Mzee, lile neno la Shosho..."

"Nimesikia."

"Lakini ni kweli."

"Nimekuambia nimesikia." Alikaa na gambuti moja mguuni na moja mkononi. Kisha akasema, "Wewe ulimzaa. Ulimbeba, ulimnyonyesha, uko na mengi ya kukumbuka. Mimi nilikuwa kazini kiwandani siku zote. Kitu nilichofanya na yeye, kwa hii mikono, ni kile pale."

Nilimuuliza tu watu wanywe nini.

"Mto uko," akasema.

Mto uko, ndiyo. Uko mbali chini, njia yake ni mteremko wa mawe na udongo unaoteleza, na maji yake yananywewa na ng'ombe kabla hayajakufikia. Wiki hizo wanawake waliteremka huko alfajiri na tena jioni. Nilikuwa ninateremka pamoja nao. Mbele yangu waliongea habari za bei ya maziwa na za watoto, na nikibaki nyuma kidogo kupumzika nilisikia sauti zikibadilika. Hawakuninunia, wala hakuna aliyenitupia neno baya, na hilo ndilo lililonichosha. Kulikuwa pia na maneno mengine yaliyokuwa yakizunguka kwenye kituo cha kupimia majani, kwamba mtu wa kuja hawezi kutuambia tukate nini kwetu. Waliosema hivyo walifikiri wanatutetea. Hoteli ya Shosho ikaanza kupoteza wateja. Msichana aliyekuwa akimsaidia kuchota maji akaitwa na mama yake, akaambiwa akae nyumbani.

Mchungaji alikuja kututembelea, ingawa haikuwa siku zake. Nilimpa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, akanywa, akauliza habari za ng'ombe. Kisha akamgeukia mume wangu. Yeye ni kijana, angeweza kuwa mtoto wetu, na niliona anatafuta namna ya kusema na mzee bila kumkosea.

"Mzee, sikuja kukuambia ukate miti. Nimekuja kukuuliza kwa nini hukuja Mezani."

"Kwa sababu nina hasira."

"Na nani?"

"Na nyinyi wote. Na wewe. Na huyo wa juu."

"Basi njoo na hasira yako hivyo hivyo, Mzee. Wengi huja nayo."

Mume wangu alitikisa kichwa. "Hujaelewa, mchungaji. Sitaki kushika kile kikombe halafu jioni niende nikae chini ya miti inayokunywa maji ya watu. Unafikiri mimi sijui? Najua kabla yenu wote. Mimi ndiye nakaa hapo. Nimeona yale maji yakirudi nyuma mwaka kwa mwaka."

Mchungaji alishika kibuyu kwa mikono miwili, akamaliza maziwa yake. Tuliomba, akaondoka. Mimi nilibaki nikijua kitu kigumu zaidi kuliko nilichokuwa nakijua, kwamba mume wangu hakuwa mkaidi. Alikuwa ameliona kosa na hakuweza kuliondoa.

Shosho alianguka asubuhi moja ya juma lile kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwa kuwa hakuwa na msichana, alienda mtoni mwenyewe na mtungi mdogo. Mguu ukateleza kwenye jiwe moja la pembeni ya njia, akaanguka kwa ubavu, nyonga ikavunjika. Mume wangu alikuwa amepita miti kwenda kumfungua ndama, akasikia sauti. Alikuwa wa kwanza kumfikia. Hakungoja watu. Alimbeba mgongoni kama mtoto, akapanda naye mlima ule wote mpaka barabarani, ndipo vijana wa bodaboda wakatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Alirudi nyumbani shati limelowa. Nikampa maji ya kunywa. Hakuyanywa.

"Njia nzima alikuwa ananiomba msamaha," akasema. "Mfupa umevunjika, analia, na ananiambia, 'Nisamehe kwa yale maneno, baba.' Kila nikipiga hatua. 'Nisamehe, baba.' Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza."

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akilia. Kwenye mazishi ya kijana wetu hakulia.

Wanawake wa usharika tulienda kumwona Shosho hospitalini, tumebeba uji na nguo safi. Mguu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye uzito. Wenzangu walipotoka kumtafuta daktari, alinishika mkono.

"Sikujua ni yeye aliipanda," akasema. "Huyu muuguzi wa kwenu ndiye ameniambia jana. Ningejua ni ya yule kijana, mdomo wangu ungeoza kabla sijasema."

"Shosho, ulisema kweli."

"Kweli hata kesho ingesemwa." Alivuta pumzi, maumivu yakampita. "Unajua mimi nilirudia nini huku? Duka lilikuwa limeisha. Kulikuwa na mparachichi nyuma, mzee wangu aliupanda. Moto haukuufikia. Watoto wangu waliniambia, Mama, parachichi ziko kila mahali. Nikawaambia, hizo zingine sijui nani alipanda."

Nilitoka pale kichwa kizito. Nilikuwa nimetarajia atanipa nguvu ya kumwambia mume wangu akate, na badala yake alikuwa amenipa sababu ya kuacha.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa. Madhabahu haikuwa na kitambaa wala ua, msalaba mtupu tu. Mchungaji alikuwa amekuja akae nasi mpaka Pasaka. Ibada ilipokwisha, watu walipokuwa wakitoka kimya kama ilivyo desturi ya siku hiyo, mume wangu alisimama mbele akainua mkono, nao wakasimama.

"Kesho ni Jumamosi ya kazi," akasema. "Mwenye msumeno wa mashine aje nao. Tutakata ile miti yote."

Akaketi. Mwanamume yule aliyekuwa amesema neno la mgeni aliangalia chini. Wanawake wengine walinitazama wakilengwalengwa na machozi, wakidhani mimi ndiye nimemshawishi.

Hawakujua. Hakuwa ameniambia. Na kitu kilichonipanda moyoni hapo kanisani hakikuwa furaha, ilikuwa hasira. Wiki zote zile nilikuwa nimemwambia kwamba Shosho alisema kweli, nikitegemea kwamba yeye hatakubali. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ukaidi wake. Sasa alikuwa ameondoka pale mbele yangu, na nikajikuta niko peke yangu na ile miti.

Kesho yake sikuteremka. Niliwaambia wanawake nitapika chai, nikabaki jikoni. Nilisikia msumeno ukinguruma, kisha kimya, kisha kishindo kilichotikisa vikombe kwenye kabati. Tena. Tena. Nilijaribu kuimba. Kisha nikaacha maziwa motoni, nikashuka mbio na aproni yangu.

Miti mingi ilikuwa chini tayari. Bonde lilikuwa limefunguka, mwanga mahali ambapo sikuwa nimeuona kwa miaka, na harufu ile kali ya majani yake imejaa kila mahali. Mwenye msumeno alikuwa ameufikia mti wa mwisho, ulio karibu kabisa na maji. Nilienda nikasimama mbele ya mti, mkono wangu juu ya gome lake.

"Huu uacheni," nikasema.

Msumeno ulizimwa. Mume wangu alikuja, vumbi la mbao kichwani na mabegani kama mtu aliyepakwa unga.

"Mama watoto."

"Huu uacheni. Mmoja tu."

"Wewe ndiye ulikuwa unaniambia ni kweli."

"Ni kweli."

"Basi?"

"Basi sijui," nikasema. "Sijui, Mzee. Ninachojua ni kwamba sitaki."

Usharika mzima ulikuwa pale. Mchungaji aliweka shoka chini akataka kuja, mume wangu akamzuia kwa mkono. Hakunishika, wala hakunihubiria. Alikuja akasimama kando yangu, tukiutazama mti pamoja, na baada ya muda akasema kwa Kipsigis, lugha yetu, kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, kwamba huo ndio wa kwanza waliopanda. Kijana aliuweka upande mbaya, akaambiwa auhamishe, akakataa kwa kucheka, akasema baba umezeeka.

Hilo sikuwa nalijua. Tulikuwa tumekaa nyumba moja miaka yote hiyo na hakuwa amenisimulia hata neno moja la siku ile.

Mwishowe niliutoa mkono wangu kwenye gome la mti, nikaenda nikakaa kwenye nyasi kati ya wanawake. Mmoja akanifunika leso. Nilimwambia mwenye msumeno aendelee, na nikafumba macho.

Pasaka mume wangu alisimama tena kando ya mchungaji akapokea vikombe. Haleluya, ambayo hatukuiimba tangu siku ya majivu, ilirudi, kanisa likaiimba kwa nguvu mpaka mabati yakalia. Nilifungua kinywa, haikutoka. Nilienda Mezani hivyo hivyo, nikala na kunywa, nikarudi kitini bila kuhisi chochote.

Miti yenyewe ilichukuliwa na lori la kuni la kiwanda cha chai. Kwa siku kadhaa sikutaka kuangalia upande wa moshi wake.

Maji hayakurudi upesi. Mvua za masika zilikuja kwanza, na zilikuja vizuri, kwa hiyo watu wanabishana hadi leo. Wengine wanasema ni miti, wengine wanasema ni mvua tu, na mikaratusi ilikatwa bure. Lakini kiangazi kilichofuata bomba liliendelea kutoa maji. Si kama zamani. Yanatosha. Yule mwanamume wa neno la mgeni alimpelekea Shosho kuni na hakumwambia lolote, na Shosho alizipokea na hakumuuliza. Shosho sasa anatembea kwa mkongojo wa miguu minne, na hoteli ameifunga. Wanawake tumepanga zamu ya kumpelekea maji. Nikifika kwake tunakaa nyuma, chini ya mparachichi wake, na kuna siku tunaongea na kuna siku hatuongei.

Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba mkaratusi haufi kwa kukatwa. Kabla ya mwezi kuisha visiki vilikuwa vimetoa machipukizi mengi, membamba, ya rangi ya kijivu. Yakiachwa yanakuwa miti tena. Mume wangu huyakata kwa panga kila Jumamosi ya kazi, mapema, kabla wengine hawajafika. Kwa muda mrefu alienda peke yake. Mwezi uliopita nilichukua panga la pili nikateremka naye. Yeye alianza upande wa juu, mimi upande wa maji. Akanisimulia mengine ya siku ile ya kupanda, kidogo kidogo, huku akikata, na mengine nilicheka. Tulipomaliza tukajaza mitungi yetu tukapanda, kwa sababu siku iliyofuata ilikuwa ya Meza na vikombe vilikuwa bado havijaoshwa.